Maniema: Watafiti vijana warudishe namna gani matokeo yao kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare?

Katika vijiji vya wilaya ya Kabambare, wakaaji wanawajua vizuri vijana wanaofika na karatasi za maswali. Kijana anashuka kwenye pikipiki, anasalimia chifu wa kijiji, anaonyesha barua ya chuo, kisha anapita nyumba kwa nyumba. Anauliza juu ya chandarua, juu ya chanjo, juu ya shamba ao juu ya dhahabu. Anaandika, anashukuru, anaondoka. Kazi yake inamalizikia kwenye rafu ya maktaba, huko Kindu, Bukavu ao Lubumbashi, ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa. Mama aliyemjibu kwa saa nzima huku sombe ikiungua jikoni hapati kujua majibu yake yalitumika kwa kazi gani.

Kusini mwa jimbo la Maniema jambo hilo si la leo. Utafiti mmoja uliofanywa hapa ulisomwa dunia nzima zaidi ya miaka 40 iliyopita, na habari yake inaonyesha ni kwa sababu gani watafiti vijana wanapaswa kujifunza kuzungumza na redio na magazeti. Inaonyesha pia namna habari ya utafiti ikisemwa nusu inaweza kuumiza.

Kasongo katika jarida la London

Toka miaka ya 1970, mji wa Kasongo ulipokea kazi kubwa ya afya iliyojulikana kama Mradi wa Kasongo. Ilifanywa na waganga wa Zaire ya wakati ule pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Vituo vya afya viliwekwa karibu na watu, na hospitali ikabaki kwa kupokea wagonjwa wanaotumwa na vituo hivyo. Pamoja na mifano mingine ya nchi hii, kama ile ya Bwamanda na Kisantu, kazi ya Kasongo ilisaidia kuzaa mfumo wa zone za afya ambao Congo inautumia hadi leo.

Mwaka wa 1981, timu ya mradi huo ilichapisha matokeo juu ya chanjo ya surua katika The Lancet, jarida la waganga linalotoka London. Walikuwa wamelinganisha watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, ili kuona nani wanabaki hai. Waliona kama chanjo inakinga watoto katika umri ule ambao surua inaua sana. Lakini waliona pia kama, kadiri miezi inavyopita, tofauti kati ya makundi hayo mawili inapungua. Timu ikauliza kama sehemu ya watoto wadhaifu waliookolewa na chanjo walikuwa wanakufa baadaye kwa magonjwa mengine, sababu ya umaskini na chakula kidogo.

Swali hilo liliamsha ubishi mkubwa. Watafiti wengine, kati yao Peter Aaby wa Denmark, aliyefanya kazi Guinea-Bissau toka mwisho wa miaka ya 1970, walileta matokeo ya kinyume. Wao waliona kama mtoto aliyechanjwa surua anaendelea kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Kwa miaka mingi jina la Kasongo likawa linatajwa katika majarida na shule za afya za nchi nyingine.

Lakini ubishi huo ulifanyika kwa Kiingereza. Mzazi wa Kasongo, ambaye mtoto wake alikuwa namba moja katika jedwali, hakuwa na njia ya kuufuata, hata kama ni yeye anayeamua, kila kampeni inapofika, kama mtoto atapelekwa kwenye chanjo ao atabaki nyumbani. Na surua haijaisha. Toka mwanzo wa 2019 hadi mwezi wa kwanza 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu katika Congo wagonjwa zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto wadogo.

Tuseme leo mtu anasoma matokeo yale ya 1981 kwenye redio. Akisema tu kwamba tofauti inapungua na miezi, msikilizaji atabaki na neno moja: chanjo haisaidii. Akisema tu kwamba chanjo inakinga, atakuwa ameficha swali la kweli lililoulizwa na timu, yaani mtoto anahitaji pia chakula na matunzo. Habari nzima ina sehemu tatu: chanjo inaokoa, mtoto dhaifu anahitaji msaada zaidi ya chanjo, na kazi zilizofuata zimetia nguvu upande wa chanjo. Kusema sehemu zote tatu kwa dakika moja, kwa Kiswahili ambacho mama wa Kabambare anaelewa, ni kazi ya kujifunza.

Kwa nini vijana?

Profesa anayeongoza kazi anaweza kuwa Kinshasa ao Ulaya. Mara nyingi aliyelala kijijini, aliyevuka mto Luama na kunywa maji ya wakaaji, ni kijana: mwanafunzi wa mwisho, asistanti wa chuo kikuu, ao msaidizi aliyeajiriwa kwa majuma machache kukusanya majibu. Yeye ndiye aliyesikia maneno yenyewe kabla hayajageuzwa kuwa namba na Kifaransa.

Kati ya 2019 na 2020, watafiti wa Bukavu na wenzao wa vyuo vikuu vya Ubelgiji walitoa mfululizo wa maandiko unaojulikana kama Bukavu Series, ambao baadaye ulifanywa kitabu. Ndani yake wasaidizi wa utafiti wa Kivu walieleza mambo ambayo kwa kawaida yanasemwa chini ya sauti. Walieleza namna wanavyobeba hatari za barabara na za vikundi vya silaha, wakati majina yao hayaonekani kwenye kazi iliyochapishwa. Walieleza pia aibu ya kurudi katika kijiji kilekile na kuulizwa: mlichukua maneno yetu, mbona hamkurudi?

Kwa upande wa lugha, kijana wa Maniema yuko na mali ambayo mtafiti wa mbali hana. Kasongo, Nyangwe na Kabambare zilikuwa vituo vya misafara ya biashara katika karne ya 19, na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na nyumba hapa toka siku zile. Redio nayo iko tayari. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 mwezi wa pili 2002, inatangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za taifa, na redio za jamii kama Sauti ya Mkaaji ya Kasongo zinasikilizwa mahali ambapo gazeti halifiki. Kinachokosekana mara nyingi ni mtafiti wa kuingia studio.

Vijana wengi wanaogopa kwa sababu tatu. Ya kwanza, profesa atakasirika. Ya pili, jarida la sayansi litakataa kazi ambayo imekwisha kusikika kwenye redio. Ya tatu, mwandishi wa habari atageuza maneno.

Kamituga: vijana waliosema mapema

Jirani na Maniema, katika wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, mji wa dhahabu wa Kamituga ulitoa mfano ambao dunia nzima iliufuata. Mwezi wa tisa 2023, wagonjwa wa mpox walianza kuonekana huko. Watafiti Wacongo, wengi wao wakiwa bado vijana katika kazi, walichukua vipimo na kuona kama virusi vilikuwa na sura mpya, vikipita kutoka mtu hadi mtu. Kati yao walikuwa Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Leandre Murhula Masirika wa Kivu Kusini.

Mwaka wa 2024 walitoa matokeo yao kwanza kama maandiko ya awali ambayo kila mtu anaweza kusoma. Mwezi wa sita mwaka huo, kazi iliyoongozwa na Vakaniaki ikachapishwa katika jarida la Nature Medicine. Katika mwezi huohuo watafiti wa timu za Kamituga walizungumza na waandishi wa habari wa kimataifa, wakionya kama ugonjwa unaweza kuvuka mipaka. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya dunia. Tarehe 5 mwezi wa kumi, chanjo ikaanza kutolewa Goma.

Hapa hofu ya pili inapata jibu. Kutoa maandiko ya awali na kuzungumza na waandishi hakukuzuia kazi ya Kamituga kuchapishwa. Ni kweli kama mwaka wa 1969 jarida la Marekani The New England Journal of Medicine lilisema halitapokea kazi iliyokwisha kuchapishwa mahali pengine, na majarida mengine yakafuata. Lakini hata sheria hiyo iliacha nafasi kwa matokeo yanayosomwa katika mikutano ya wanasayansi, na majarida mengi leo yanapokea kazi zilizotolewa kwanza kama maandiko ya awali. Mtafiti anapaswa tu kusoma masharti ya jarida lake. Kuna majarida yanayoweka tarehe na saa ambapo habari inaweza kutangazwa, na tarehe hiyo inaheshimiwa.

Kamituga inafundisha pia juu ya namba. Kati ya wagonjwa 108 waliothibitishwa katika kazi iliyochapishwa, asilimia 29 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Baadhi ya watu waliposikia hivyo waliita mpox ugonjwa wa makahaba. Lakini namba ileile inasema kama watu zaidi ya 70 kwa kila 100 hawakuwa katika kazi hiyo. Baba wa jamii anayeamini ule ni ugonjwa wa wengine hatapeleka mtoto wake mwenye vipele kituoni. Kwa hiyo mtafiti anayesema 29 anapaswa kusema 71 katika pumzi ileile.

Mtafiti anaposema zaidi ya anachojua

Kuna upande wa pili, na unahusu surua tena na jarida lilelile la London. Mwezi wa pili 1998, mganga Mwingereza Andrew Wakefield pamoja na wenzake walichapisha katika The Lancet kazi juu ya watoto 12 tu. Mbele ya waandishi wa habari, Wakefield alipendekeza watu waache chanjo inayounganisha surua, matubwitubwi na rubela, akitia shaka kama inahusiana na otizimu. Wazazi wengi Uingereza waliacha kuchanja. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka wa 2010 jarida likaifuta kazi hiyo. Lakini uvumi wake bado unatembea, hata katika simu za Afrika.

Katika Kivu Kaskazini gharama ya kukosa imani ilionekana wakati wa Ebola. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa tisa 2018 kwa watu wazima 961, ambao ulikuwa pia na mtafiti wa Goma ndani yake, ulionyesha kama mtu 1 kwa 4 hakuamini kama ugonjwa huo uko kweli. Karibu 1 kwa 3 tu walisema wanawaamini wakubwa wa mahali. Na wale waliokuwa na imani ndogo walikuwa wepesi zaidi kukataa chanjo. Epidemia hiyo ilimalizika mwezi wa sita 2020, baada ya kuua watu 2,287.

Watu wa redio walibeba hatari yake pia. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, jimbo la Ituri, aliyekuwa anahamasisha wakaaji juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 2019. Mtafiti anayekwenda redioni anapaswa kukumbuka kama mtangazaji anabaki mahali pale baada ya yeye kurudi chuoni.

Kabla ya kuingia studio

Kazi ya kwanza ni ruhusa. Kumweleza profesa kwa maandishi nini kitasemwa, wapi na lini, kunamaliza sehemu kubwa ya hofu ya kwanza. Kama utafiti ni wa afya, daktari mkuu wa zone naye anapaswa kujua mapema, ili redio isiseme jambo moja na kituo cha afya jambo lingine.

Kazi ya pili ni kuchagua neno moja. Katika vyuo vya nchi zinazosema Kifaransa kuna mashindano ambapo mwanafunzi anaeleza kazi yake ya udaktari kwa sekunde 180. Zoezi hilo linaweza kufanyika hata chini ya mwembe. Kijana amweleze shangazi yake kwa dakika tatu alichokiona, kisha shangazi aseme tena kwa maneno yake. Mahali shangazi anapotea, ndipo msikilizaji atapotea.

Kazi ya tatu ni kugeuza maneno ya chuo. Badala ya kutaja asilimia zenye nukta, aseme ni watu wangapi kwa kila 10. Akitaka kueleza kwa nini aliuliza nyumba 200 na si zote, aseme juu ya sufuria: mpishi halili sufuria nzima ili ajue chumvi ya sombe, anakoroga vizuri kisha anaonja kijiko kimoja. Asipokoroga, kijiko kinadanganya. Na akiona mambo mawili yanatembea pamoja, aseme hivyohivyo, asiseme kama moja linaleta lingine wakati hajalionyesha.

Kazi ya nne ni kumpa mwandishi karatasi moja ya Kiswahili: nini kilitafutwa, wapi, kwa watu wangapi, nini kilionekana, nini bado hakijulikani. Mwandishi anayepewa karatasi iliyo wazi hana sababu ya kubahatisha. Mtafiti hawezi kudai kusoma habari nzima kabla haijatoka, sababu uhuru wa mwandishi ni wake. Lakini anaweza kuomba kuhakikisha namba na maneno yake mwenyewe, na aombe hivyo kabla ya mazungumzo kuanza.

Linabaki jambo ambalo wengi wanalijua lakini halisemwi wazi: ile pesa inayoitwa « coupage », ambayo mwenye habari anampa mwandishi ili habari itoke. Redio nyingi za jamii ziko na pato dogo, na kijana wa chuo naye hana kitu. Njia safi ni kutafuta ushirikiano wa wazi kati ya chuo na redio. Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vya juu vya Kasongo vinaweza kuomba nafasi ya dakika 15 kwa juma, na redio ikapata kipindi chenye mambo mapya bila gharama. Anayetaka fedha za utafiti anaweza kuandika katika bajeti yake, toka mwanzo, bei ya kutangaza matokeo, namna anavyoandika bei ya mafuta ya pikipiki.

Pale ambapo jina la kijiji linaweza kuua

Si kila tokeo linakwenda redioni kama lilivyo. Katika wilaya ya Kabambare, Salamabila iko karibu na mgodi wa Namoya, ambapo kampuni ya Banro kutoka Canada ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka wa 2016 na kusimamisha kazi 2019 sababu ya usalama mbaya. Huko kuna wachimbaji wadogo, kuna watu waliopoteza mashamba, na kumekuwa na vikundi vya silaha. Kijana anayeandika juu ya nani anakusanya kodi kwenye shimo gani anashika habari ambayo inaweza kumfikisha mtu aliyemjibu pabaya.

Hapo kanuni ni chache na nzito. Aliyekubali kujibu maswali ya utafiti hakukubali moja kwa moja kusikika kwenye redio: anaulizwa tena. Kuficha jina hakutoshi kama kijiji kina fundi mmoja tu wa pampu ao mwalimu mmoja tu wa kike, sababu kila mtu atamjua. Mwanamke aliyetendewa ubakaji hatambulishwi hata kwa kabila ao kwa mtaa wake. Na kama tokeo ni la hatari kwa sasa, linaweza kupelekwa kwanza kwa wanaoweza kulinda watu, kisha redioni baadaye, kwa sura ya wilaya nzima bila kutaja shimo wala kijiji.

Kwa mambo mengine, ambayo ni mengi zaidi, hakuna sababu ya kunyamaza. Mbegu gani ya muhogo inavumilia ugonjwa wa majani, kisima gani kinakauka kwanza, kwa nini akina mama wanafika hospitali kwa kuchelewa: hayo yanaweza kusemwa jioni, wakati watu wametoka shamba, na laini ya simu ikifunguliwa kwa maswali.

Laini hiyo ya simu ina kazi kubwa. Msikilizaji anaweza kumwambia mtafiti kama majibu ya kijiji chake yalichukuliwa msimu wa mvua, wakati nusu ya watu walikuwa mashambani. Anaweza kumwambia kama neno alilolitumia katika swali lina maana nyingine upande ule wa Luama. Na yule mama wa sombe anaweza kupiga na kusema: mimi sikujibu hivyo. Mtafiti anayesikia neno hilo akiwa bado kijana ana muda wa kurudi kijijini na kuuliza tena.